Fundo la mwani na mwenye ngalawa

Bamvua linapopwa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, bahari hujivuta mbali mpaka vijiti vya mashamba ya mwani vinabaki wazi, safu kwa safu, na kinamama wanashuka na magunia. Wana saa chache tu kabla maji hayajajaa. Niliwahi kukaa karibu na mmoja wao akifunga mbegu: kichane cha mwani, kikamba chembamba, fundo la haraka, kisha anakivuta kidogo kuhakikisha hakitachomoka. Fundo lile alilibadili mwenyewe, kwani la awali lilikuwa likikata mwani mawimbi yakizidi. Jirani zake wameliiga. Hakuna daftari lolote lililoliandika.

Nililikumbuka fundo hilo niliposoma utafiti wa wachumi Alex Bell, Raj Chetty na wenzao, uliochapishwa 2019. Walifuatilia maisha ya wavumbuzi milioni 1.2 wa Marekani, wakakuta kwamba mtoto aliyezaliwa katika familia za asilimia 1 yenye kipato kikubwa kuliko wote ana uwezekano mara kumi wa kuja kuwa mvumbuzi, akilinganishwa na mtoto wa familia zilizo nusu ya chini. Hata watoto waliolingana alama za hisabati hawakulingana baadaye. Kilichowatenganisha, kwa sehemu kubwa, ni nani walimwona akivumbua walipokuwa wadogo.

Nakubaliana nao, ila kipimo chao ni hataza, yaani haki ya kisheria anayosajiliwa mvumbuzi, na kwa kipimo hicho Jambiani haina mvumbuzi hata mmoja. Eric von Hippel wa chuo cha MIT amefanya kazi miaka mingi kuonyesha upande mwingine: ubunifu mwingi huanzia kwa mtumiaji wa kifaa, yule ambaye tatizo linamuuma mkononi. Kwa macho yake, mama yule ni mvumbuzi kamili. Swali linalobaki ni taasisi gani itamwezesha kula matunda ya alichokibuni.

Wapo wanaosema ni kampuni. Kilimo cha mwani cha biashara kilishika kasi Zanzibar mwaka 1989, kikianzia Paje na Jambiani, na wasafirishaji ndio waliotoa kamba na mbegu kisha wakanunua mavuno. Hoja hiyo ina uzito. Kikundi cha watu ishirini hakiwezi kujaza kontena kwenda Ulaya, wala kumpata peke yake mnunuzi anayetengeneza kiungo cha kuifanya dawa ya meno na aiskrimu iwe nzito. Lakini anayekupa kamba ndiye pia anayekupangia bei, na mkulima aliyekwisha kuanika mwani wake hana pa kuupeleka kwingine. Akiboresha fundo, faida ya kwanza inaonekana kwenye mizani ya mnunuzi.

Wengine wanasema ni vikundi. Kongano la mwani, yaani muungano wa wadau wa zao hilo, lililoanza 2006, likisukumwa na mtafiti Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, liliwafundisha kinamama kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Mche mmoja wa sabuni una thamani ambayo mwani mkavu wa uzito huohuo hauifikii. Nimeiona fahari ya mtu anayeuza kitu chenye jina la kikundi chake. Hata hivyo soko la sabuni hiyo linategemea sana wageni, na watalii wakipungua, rafu zinabaki zimejaa.

Mimi naelemea vikundi, lakini kinachonitia wasiwasi zaidi kiko mahali pengine: kwenye kina. Maji ya ufukweni yamekuwa ya moto, na aina ya mwani iitwayo kotoni, yenye bei nzuri kuliko aina nyingine iitwayo spinosamu, imekuwa ikifa. Jibu la kitaalamu ni kulima mbali zaidi, kwenye maji baridi. Ni jibu sahihi. Ila huko huendi kwa miguu. Unahitaji chombo, na unahitaji kujua kuogelea, jambo ambalo wengi wa kinamama hawa hawakufundishwa utotoni, huku kaka zao wakijirusha baharini kila jioni. Mwenye ngalawa ni mwanamume. Basi mbinu nzuri kabisa, isiyo na nia mbaya hata chembe, inaweza kuihamisha kazi waliyoijenga wanawake kwa miaka thelathini na zaidi ikaangukia mikononi mwa wengine.

Kuna wanaojibu kwamba ni heri mwani ukalimwa na wanaume kuliko usilimwe kabisa. Siwapuuzi, nyumba yenye njaa haihesabu nani kaleta unga. Lakini fedha ya mwani ndiyo iliyowapa kinamama wengi wa pwani ile shilingi yao wenyewe, ya ada ya skuli na bati la paa, bila kumwomba mtu.

Serikali nayo iliamua kujenga kiwanda cha kusarifu mwani Chamanangwe, Pemba. Naunga mkono. Ila ningependa kujua mambo matatu: bei itatangazwa kabla ya kupanda au baada ya kuvuna, wakulima wangapi watakaa kwenye meza inayoipanga, na boti za kulimia kina kirefu zitaandikwa jina la nani.