Uwaziri wa Ndoo

Jana kijiweni, niko kikombe cha pili cha kahawa, fundi viatu akaibuka na lake: uchaguzi ufutwe. Majina yetu wote yatiwe kwenye ndoo, mtoto afumbe macho aokote, atakayetoka ndiye waziri. Hakuna kampeni, hakuna fulana, hakuna kilo ya sukari. Watu makofi! Mimi kahawa ikanipalia.

Mwalimu mstaafu naye akachochea. Eti Athene ya kale, huko Ugiriki, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, walikuwa na Baraza la watu 500, 50 kila kabila, wote kwa kubahatisha, mwaka ukiisha wanakwenda zao. Wakaja kuwa hata na jiwe la kuchezeshea, lina matundu ya kuchomeka vibao vya majina. Na neno kura lenyewe, anasema, huko Uarabuni lilikotoka maana yake ni hiyohiyo bahati nasibu.

Haya, Mwalimu, na majemadari je? Akakohoa. Majemadari 10 walichaguliwa kwa kunyoosha mikono. Ahaa! Kumbe palipo na kufa hata wao ndoo waliiweka kando. Na Socrates, mwanafalsafa wao, aliwaambia wazi: nahodha hachaguliwi kwa maharage. Maana kwanza walibahatisha kwa maharage, tena si utani. Mimi nimewahi kupanda jahazi kwenda Mafia, bahari imechafuka, nikamtazama nahodha usoni. Sikutaka kumwona mtu aliyeokotwa.

(Halafu huko Athene aliyeangukiwa na ukuu alihojiwa kwanza: wazazi unawatunza? Kodi umelipa? Mtaani kwetu swali la kwanza tu linabakiza watu watatu, na wawili ni yatima.)

Ndoo haijui mtu, jamani. Kwenye upatu mimi siku zote naokota namba ya mwisho, lakini mfuko wa misiba wa mtaa ulipotafuta mweka hazina kwa vikaratasi, nani alitoka? Mimi. Mimi ninayehesabu chenji ya daladala mara tatu na bado napunjwa. Shilingi 86,000 nikazificha kwenye kopo, juu ya kabati. Mama watoto akaliona, akamshukuru Mungu, akanunua magunia mawili ya mkaa. Wiki ileile mzee wa nyumba ya tatu akafariki. Sanda nilikopa. Mpaka leo nikipita wananiita Waziri wa Fedha, na mkaa wenyewe ulikuwa mbichi.

Fundi hakusikia. Akasema tujaribu hapahapa, tupate mwenyekiti wa kijiwe. Vikaratasi kwenye kofia ya muuza kahawa, mtoto akafumba macho, akaokota: fundi viatu! Makofi tena.

Mwalimu akaimwaga ile kofia mezani. Tulikuwa watu tisa. Vikaratasi vilikuwa kumi na vitatu, na vitano vina jina la fundi.

"Nilikuwa namrahisishia mtoto," akasema fundi.