Shotigani ya Mzee Usiipige Msasa

Hapa kwetu Dodoma, shotigani ya zamani ikishatolewa kabatini husimuliwa kabla ya kukaguliwa. Utaambiwa ni ya Mjerumani, au ya mzungu aliyekuja na mradi wa Waingereza wa kulima karanga kule Kongwa, au ya mwindaji wa tembo ambaye jina lake hakuna anayelikumbuka. Hadithi ikiisha inakuja bei, tena bei ya kutajwa kwa dola. Kisha anatafutwa fundi wa kuipiga msasa na vanishi ili mnunuzi akiiona avutiwe. Mimi nasema utaratibu wote huo umekaa kichwa chini miguu juu. Anza kukisoma chuma, hadithi isubiri, na huyo fundi wa msasa mwambie arudi kwake.

Nazungumzia shotigani za pampu, zile unazokoki kwa kuuvuta mshikio wa mbele nyuma na kuurudisha. Wengi wetu tumekua tukiona Greener ya mlinzi, ya risasi moja moja, kwa hiyo pampu ya Kimarekani yenye nyundo inayoonekana nyuma ya bodi, yaani kile kipande cha chuma kinachobeba mitambo, tunaiona kama kitu adimu mno. Kwa kawaida yenye sura hiyo huwa ni Winchester 1897, iliyobuniwa na John Browning. Kiwanda kiliitengeneza kuanzia 1897 hadi 1957, na zilitoka zaidi ya milioni moja. Ndiyo maana umri peke yake hauipi thamani.

Kuna mzee mmoja Mpwapwa, mwenye leseni yake safi, aliniita nikaitazame ya kwake. Baada ya shikamoo na chai, kabla sijaishika, akanipa historia yake: "Hii ni ya Mjerumani, mwanangu. Babu aliipata vita ya kwanza."

Nikamwomba ruhusa, tukahakikisha pamoja kwamba haina risasi kwenye chemba wala kwenye bomba la magazini. Hapo sitanii na mtu, kwa sababu 1897 haina kitufe cha usalama kama shotigani za leo. Usalama wake ni ile nusu-koki tu, yaani nyundo kusimamishwa katikati ya safari yake. Kisha nikaugeuza mtutu kuelekea dirishani. Ubavuni, karibu na bodi, palikuwa na maneno madogo ya Kiingereza yaliyogongwa kwenye chuma: NOT ENGLISH MAKE. Jirani yake kulikuwa na alama za ukaguzi za Birmingham.

Maneno yale yanaeleza mengi kuliko ukoo mzima. Uingereza ina sheria kwamba bunduki haiuzwi kabla mtutu wake haujapimwa nguvu na kugongwa alama, London au Birmingham. Kuanzia 1925 hadi 1955, bunduki za kigeni zilizopitia kwa wakaguzi hao zilikuwa zikigongwa maneno hayo. Wajerumani waliondoka Dodoma mwaka 1916. Hivyo bunduki ya mzee ilipimwa Birmingham si chini ya miaka tisa baada ya Mjerumani kuondoka, na huenda ilifika huku kwa mkono wa Mwingereza.

Mzee alinyamaza kidogo, akacheka. "Basi ni ya Mwingereza wa karanga." Inawezekana, maana mradi ule wa karanga ulianza 1947. Lakini hana karatasi inayosema hivyo, na hadithi za mzungu wa karanga pale Kongwa hazihesabiki. Nilimwambia kuwa zile alama zenyewe ni mali. Mkusanyaji Mmarekani pengine angezikunjia uso, maana kwao ni nyongeza iliyowekwa baada ya kiwanda. Mimi naziona ndizo cheti cha safari ya bunduki ile hadi Tanganyika, na msasa ungezifuta kwa alasiri moja.

Msasa ndio unaonikera kuliko vyote. Ule weusi wenye buluu kwenye chuma cha zamani si rangi ya kupaka. Ni kutu iliyotengenezwa kwa makusudi kiwandani juu ya chuma kilichong'arishwa, na ikiondoka hairudi vilevile. Bunduki iliyopigwa msasa na kutiwa weusi upya utaijua kwa kingo zake. Kingo za bodi zilizotakiwa kuwa kali zimelegea, herufi za jina la kiwanda zimekuwa hafifu kama zimelambwa, na matundu ya skrubu yamezama katikati. Ukiona weusi mzuri unaong'aa halafu chini yake kuna vishimo vya kutu, ujue weusi umekuja baada ya kutu. Vichwa vya skrubu navyo husema: vikiwa vimetafunwa na bisibisi isiyo saizi yake, kuna mtu alishaifungua, na hakuwa fundi.

Hali ya hewa yetu nayo inasaidia kuchunguza. Dodoma ni pakavu. Chuma hakiliwi sana, ila mti husinyaa na kupasuka. Bunduki iliyokaa hapa miaka mingi mara nyingi utaikuta na uwazi mwembamba pale kitako kinapokutana na bodi, na ufa kidogo nyuma ya kiungo hicho. Ikiwa na vishimo vingi vya kutu halafu unaambiwa haijawahi kutoka Bahi, mimi nauliza ilikaa Tanga au Bagamoyo lini.

Namba ya bunduki iliyogongwa kiwandani ni suala la dakika mbili, lakini wengi hawalitazami. Kwenye Winchester zinazofunguka vipande viwili, namba iko chini ya bodi kwa mbele, na iko tena kwenye kipande kinachobaki na mtutu. Zikifanana, kuna uwezekano mkubwa kwamba vipande hivyo vimekuwa pamoja tangu kiwandani. Zisipofanana, mtutu ni wa bunduki nyingine. Itapiga, lakini mkusanyaji atashusha bei bila huruma. Namba iliyokwanguliwa haina mjadala wa bei, hiyo ni kesi ya polisi.

Angalia na mdomo wa mtutu. Mitutu mingi ya geji 12 (geji ndiyo saizi ya tundu la mtutu) ya aina hii ilitoka ikiwa na inchi 30, na neno FULL likigongwa juu yake huwa na maana kwamba mdomo umebanwa ili marisau yasitawanyike mapema. Kipenyo cha kawaida cha geji 12 ni kama milimita 18.5, uliobanwa hivyo hupungua karibu milimita moja. Pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo. Ukikuta neno FULL halafu mdomo una 18.5, msumeno ulishapita hapo, na kwa kuwinda kanga porini bunduki hiyo haifai tena sana. Ya geji 16 iangalie mara mbili: za mwanzoni zilitengenezewa risasi fupi za milimita 65, na ukitia za siku hizi za milimita 70 msukumo unapanda kuliko ilivyokusudiwa.

Kuhusu kitako, nina maoni yatakayowaudhi watu wa makumbusho. Nimeona pampu zenye kitako cha mninga kilichochongwa na seremala wa hapa baada ya kile cha walnati kupasuka. Kwa kanuni za wakusanyaji, uhalisia umepotea. Mimi nasema kama kazi ni safi na kimekaa vizuri, kiache, na kile cha zamani kilichopasuka kihifadhi kwenye gunia moja na bunduki. Mninga ule una historia iliyothibitishwa kuliko Mjerumani wa kubuni.

Sasa bei. Tarakimu za minada ya Marekani zinatoka kwenye soko la wakusanyaji wanaolipia herufi zilizobaki kali na weusi wa asili. Mnunuzi wako wa hapa mjini, wa Kizota au Area C, lazima awe na kibali cha polisi kabla ya kuishika, na atailinganisha na shotigani mpya ya Kituruki anayoweza kupatia risasi na vipuri. Kwa bunduki ya kawaida iliyotumika sana, huo ndio ukomo wa bei. Ukiwa na yenye namba zinazofanana, mtutu mzima na alama zote, hapo unaweza kuthubutu kudai zaidi, na kwa baadhi ya namba za mwanzo jumba la makumbusho la Cody, Wyoming, kule Marekani, linaweza kukutolea barua ya taarifa zake kutoka vitabu vya kumbukumbu vya Winchester.

Na kwa vijana ambao wazee wao wametangulia: silaha hairithiwi kama ng'ombe. Mwenye leseni akifariki, ipeleke polisi, kisha mwenye nia ya kubaki nayo aombe kwa jina lake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Ipeleke ikiwa na vumbi lake, na kabla ya hapo piga picha zile alama za mtutu, kwa sababu bei yoyote utakayoitaja baadaye utaulizwa umeitoa wapi.