Muvi za kutisha zikitimiza miaka 50, nani anafaidi?

Siku hizi haupiti mwaka bila muvi au gemu fulani ya kutisha kufikisha namba tamu, 20, 30, 50, basi hapo tena linatoka toleo maalum, bango jipya, muendelezo ambao hakuna aliyeuomba, halafu mashabiki wanaanza kuvutana, hawa wanasema acheni kazi za zamani zikumbukwe, wale wanasema tunakamuliwa hela mara ya pili kwa kitu kile kile. Mimi wote nawaelewa, ila nacho­angalia ni kimoja tu, je nimerudishiwa kazi yenyewe au nimepewa jina lake tu?

Chukua Night of the Living Dead ya 1968. Walibadilisha jina dakika za mwisho, alama ya hakimiliki ikaachwa, ikawa mali ya kila mtu. Ndiyo maana ilisambaa vile, lakini ilisambaa kwa nakala chakavu, zombi unamuona kama kivuli kwenye matope. Baadaye negativu ya mwanzo ikasafishwa, na 2018, ilipotimiza miaka 50, nakala hiyo safi ikatoka kwenye diski, watu wakaiona vizuri. Kazi hiyo inataka hela na inataka mtu mwenye sababu ya kuzitoa, kwa hiyo tusiwaponde tu wanaosherehekea.

Mwaka huo huo Halloween ilifikisha 40 wakamrudisha Jamie Lee Curtis, nyota wa ile ya kwanza, biashara tupu, na bado ilikuwa nzuri. Ila 2023, The Exorcist imetimiza 50, wakatuletea muendelezo, Believer, hovyo... mnaijua wenyewe, tuendelee.

Kinachoniuma zaidi ni Silent Hill 2. Gemu ilitoka 2001, na 2012 ikarudi kwenye toleo la HD, kumbe msimbo (maandishi ya programu ya gemu) kamili wa mwisho haukuwepo tena, hawakuutunza, ikabidi walioirudisha wafanye kazi na msimbo ambao haujakamilika. Matokeo yake ukungu ukaharibika. Sasa ukungu kwenye Silent Hill siyo pambo bana, tangu ile ya kwanza ya 1999 uliwekwa kwa sababu PlayStation haikuweza kuchora mji mzima kwa mpigo, wakageuza udhaifu wa mashine kuwa woga, husikii kitu ila redio inakwaruza na hujui kilicho hatua 5 mbele yako. Toleo la HD ukungu ukawa mwepesi, unaona mpaka kingo ambazo hukutakiwa kuziona, woga wote kwisha. Na waliokuja kulirekebisha vizuri lile toleo la zamani la kompyuta ni mashabiki, bure, kwa muda wao.

Kuna atakayesema mbona iliyotengenezwa upya 2024 ni kali? Ni kali kweli, nimeikubali, lakini kamera siyo ile, mwendo siyo ule, hiyo ni gemu nyingine inayosimulia kisa kile kile. Haifuti deni la kuturudishia ile ya mwanzo.

Ndiyo maana nilifurahi 2024 zile Resident Evil za zamani ziliporudi kuuzwa GOG, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, karibu kama zilivyokuwa, na ile ya 1996 bado ina milango yake inayofunguka taratibu gizani. Milango ile iliwekwa kuficha gemu ikipakia tu, lakini mpaka leo ukiufungua mmoja unashika pumzi.