Figo Haiombwi Kwenye Kikao cha Ukoo

Figo ikipandikizwa, sifa humwendea daktari mpasuaji. Ni haki yake. Tangu Muhimbili ifanye upandikizaji wa kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018, si lazima tena mtu auze shamba ili aende India. Lakini nikiwa huku Kigoma, mtu ninayemtaka zaidi katika hospitali zetu za mikoa hashiki kisu. Ni mratibu wa uchangiaji, tena wa kumtetea anayetoa.

Figo zetu hutoka kwa ndugu walio hai. Mgonjwa husafishwa damu kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Akishachoka, na wanaomlipia wakachoka, ukoo unaitwa. Aliyewahi kukaa kikao cha namna hiyo, Ujiji au Kasulu, anajua kinavyokwenda. Baba mkubwa anafungua kwa dua, anaeleza hali ya mgonjwa, halafu macho yanaanza kutembea. Kwa mwenye duka hayatui. Yanatua kwa kijana asiye na ajira, au kwa binti ambaye hajaolewa: "Wewe si huna majukumu?" Nani atakataa mbele ya mama wa mgonjwa? Kijana anapopanda treni kwenda Dodoma kupimwa, hakukubali yeye. Kimekubali kikao.

Mratibu anayeijua kazi yake huanza kwa kumtenga kijana huyo na wasindikizaji wake. Wanabaki wawili. Anamweleza kwamba mtu aliyechunguzwa sawasawa anaweza kuishi vizuri na figo moja, kwamba operesheni yoyote ina hatari zake, na kwamba anaweza kughairi hata asubuhi ya kupasuliwa. Ndipo anamuuliza kama anataka. Akisema hataki, ukoo unaambiwa tu kwamba hafai kuwa mtoaji, na sababu inabaki kwenye faili. Wapo watakaouita uongo. Mimi nauita sitara. Bila hiyo, huyo kijana ataitwa muuaji kwenye kila msiba wa ukoo hadi azeeke.

Kuna na habari ya baadaye. Aliyepandikizwa atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo maisha yake yote, na kila mtu atamuulizia. Aliyetoa amesharudi Kibirizi kwenye nyavu zake. Wiki za mwanzo hatakiwi kuvuta wala kubeba kizito. Nani anailisha nyumba yake? Na kila mwaka apimwe presha, mkojo na utendaji wa figo iliyobaki. Bila mtu wa kumpigia simu, haji. Anajiona mzima.

Kuchukua viungo kwa marehemu ni safari ndefu zaidi. Hispania, inayosifika duniani kwa jambo hili, ilianzisha shirika lake la taifa mwaka 1989 na kuweka waratibu ndani ya hospitali, wengi wao madaktari wa wagonjwa mahututi. Utaratibu mzuri una mipaka yake: anayethibitisha kifo si yule atakayepandikiza, na familia hupewa kwanza habari ya kifo, ikaachwa ilie, ndipo ikaulizwa. Moyo haukai nje ya mwili zaidi ya saa chache, kwa hiyo kwetu tuusahau kwa sasa. Konea, ule utando mwangavu wa mbele ya jicho, je? Inaweza kuchukuliwa saa kadhaa baada ya moyo kusimama, haihitaji mashine za kupumulia, na katika maji yake maalumu inakaa hata zaidi ya wiki. Hata treni yetu ikichelewa, itafika. Kwa Waislamu wenzangu wanaotaka kuzika mapema, kuitoa hakuchukui muda mrefu, na wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi waliruhusu upandikizaji kwa masharti huko Jeddah mwaka 1988.

Kwa kuanzia wala sidai daktari bingwa. Muuguzi mzoefu anayesema Kiha na Kiswahili, mwenye mawasiliano ya moja kwa moja na Dodoma na chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani, anatosha. Mlango huo usisahauliwe kwenye bajeti, maana mama mkubwa atataka kuingia.