Hesabu ya ini ambayo hakuna anayekupigia

Mama yangu, anayekaa Mbagala, alisikia mara moja tu kwenye simu kwamba ini langu limevimba kidogo. Jioni ile ile ukoo mzima ukawa unajua nina uvimbe. Siku mbili baadaye shangazi akabisha hodi na dumu la lita tano la dawa ya kusafisha ini, rangi ya matope. Simlaumu. Kuvimba na uvimbe ni maneno ya tumbo moja, ila kwa daktari ni mambo mawili. Uvimbe ni kitu kilichoota. Kuvimba kwa ini, kwa sisi wenye homa ya ini B, ni vita: kinga ya mwili inazishambulia seli za ini zilizobeba virusi, seli zinaumia, na vimeng'enya vilivyokuwa ndani yake vinavujia kwenye damu. Hivyo ndivyo vinavyopimwa maabara: ALT na AST.

Mimi natunza vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Nilijua nina virusi baada ya kuchangia damu, kama wengi wanavyojua. Nikaenda maabara moja ya mtaani, nikalipa, nikapewa karatasi mbili, moja ya ini na moja ya picha kamili ya damu. Kijana wa dirishani akapitisha kalamu: ALT 38, mwisho wa kawaida 41. AST 46, mwisho 40, pembeni kuna H ndogo, yaani imezidi. "Hiyo isikusumbue, kaka. Ini liko safi." Nikatoka nikanywa supu kwa raha zangu.

Siku hizi hilo neno "safi" silipendi kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaweka mwisho wa ALT kuwa 30 kwa mwanaume na 19 kwa mwanamke. Kwa kipimo hicho nilishavuka mpaka zamani, na dada mwenye 35 angeambiwa naye yuko safi wakati amekaribia mara mbili ya mpaka wake. Tena ALT ya homa ya ini B hupanda na kushuka kama bei ya nyanya; ukiikuta chini siku moja hujui kesho. Na ini linaweza kuwa na makovu huku ALT imetulia.

Kinachoniuma zaidi, kama mtu wa mahesabu, ni kwamba zile karatasi mbili nilishazilipia na hakuna aliyeziweka pamoja. Kuna hesabu inaitwa APRI. Unachukua AST yako, unagawa kwa mwisho wa kawaida wa maabara, unagawa tena kwa PLT, yaani chembe sahani zinazogandisha damu, zilizo kwenye ile karatasi ya picha kamili ya damu, kisha unazidisha kwa 100. Yangu: 46 kwa 40 ni 1.15. PLT ilikuwa 160. Jibu 0.72. Mwongozo ule ule unasema kwa mtu mzima mwenye homa ya ini B, ikizidi 0.5 kuna dalili ya makovu ya maana na inapendekezwa apewe dawa. Ikizidi 1, ini huenda limeshasinyaa. Nilipiga kwa penseli, nyuma ya bahasha ya kaki.

Chembe sahani zinaingiaje? Ini likijaa makovu damu inapita kwa shida, inarudi nyuma, bandama linatanuka na kuzizuia huko. Kwa hiyo AST inapanda, PLT inashuka, hesabu inakua.

Ni hesabu ya kukisia, sikatai. AST inatoka pia kwenye misuli, kwa hiyo mbeba mizigo wa sokoni anaweza kupata namba kubwa bila ini kuwa na kosa. Malaria nayo inashusha chembe sahani; usipige hesabu kwa karatasi ya siku ulizokuwa na homa. Na ini likiwa kwenye vita kali, AST inaruka na kufanya makovu yaonekane mengi kuliko yalivyo. Ndiyo maana hurudiwa, na ndiyo maana kuna kipimo cha wingi wa virusi na mashine ya kupima ugumu wa ini. Lakini hivyo viwili vina gharama na foleni. Penseli haina.

Nilirudia baada ya miezi mitatu: AST 44, PLT 158, jibu 0.70. Safari hii nilimpelekea daktari bingwa bahasha yenyewe. Akaisoma, akaigeuza, akaniuliza nani kanipigia. Nikasema mimi. Akacheka, akaandika kipimo cha wingi wa virusi, na majibu yalipotoka akanianzishia tenofovir, kidonge kimoja kwa siku.

Dumu la shangazi bado liko uvunguni. Nashindwa kulimwaga, maana kila akija anauliza limefika wapi.