"Mtandao unasumbua" si jibu, pimeni kwanza

Hapa Dar es Salaam, kompyuta ikikwama tu kaunta, mteja anaambiwa mtandao unasumbua. Anakubali, anakaa kwenye benchi, anasubiri. Kazi yangu ni kutunza seva, yaani kompyuta kuu zinazotunza data za kazi, na sentensi hiyo inaniudhi kwa dhati, maana mara nyingi mtandao unasingiziwa. Na wanaosingizia ni sisi mafundi.

Mama mmoja anauza vitenge kwa jumla Kariakoo. Seva yake iko chumba cha nyuma, hatua chache kutoka kaunta. Kila siku kuanzia saa nne asubuhi, wateja wa mikoani wakiwa wamejaa dukani, risiti zinaanza kusuasua: moja inatoka papo hapo, nyingine inakaa sekunde tatu. Fundi wa kwanza akasema mtandao. Wa pili akasema seva imezeeka, akaleta na bei ya mpya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niambie ukweli, ninunue nisinunue?"

Nikamwomba anipe asubuhi moja tu.

Nilianza na huo mtandao unaotuhumiwa. Kutoka kompyuta ya kaunta hadi kwenye seva, pakiti ndogo ya data ilikwenda na kurudi chini ya milisekunde moja, yaani sehemu ya elfu ya sekunde, hata wakati risiti zimekwama. Basi tatizo lilikuwa ndani ya seva yenyewe, na huko ndani Linux, mfumo endeshi wa seva hiyo, inakuja na chombo chake cha kupimia, hununui wala hupakui. Kinaitwa ftrace. Steven Rostedt ndiye aliyekiandika, na kiliingia kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 2.6.27 mwaka 2008, kikitokana na kazi ya watu waliotaka Linux ijibu kwa wakati uliopangwa bila kukosa. Kazi yao hiyo ilikuja kuingia kikamilifu kwenye toleo la 6.12 mwaka 2024. Watu hao walipigania mikrosekunde, sehemu ya milioni ya sekunde, kwa miaka. Sisi tunapoteza sekunde nzimanzima bila hata kuuliza zimekwenda wapi.

Ufundi wake naupenda sana. Kerneli inapotengenezwa, mwanzoni mwa karibu kila funksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, huachwa nafasi ndogo. Mashine ikiwaka, nafasi hizo hujazwa amri isiyofanya chochote, kwa hiyo prosesa inapita kama haijaona kitu. Ukiwasha ufuatiliaji, kerneli inajirekebisha yenyewe ikiwa inaendelea kufanya kazi: pale palipokuwa na amri tupu panawekwa wito wa kwenda kwa mpimaji. Mpimaji anaandika saa ya kuingia, anabadilisha anwani ya kurudia ili funksheni ikimaliza ipite tena kwake, anaandika saa ya kutoka. Tofauti ya saa hizo mbili ndiyo unayoitafuta.

Hifadhidata ikitaka kuhakikisha mauzo yamefika kweli kwenye diski, kwa seva ile ombi lilikuwa linapita kwenye funksheni ya ext4_sync_file. Nikaandika jina hilo kwenye faili la set_ftrace_filter ili lifuatiliwe hilo tu, nikaandika function_graph, aina ya upimaji wa muda, kwenye current_tracer, nikafungua trace_pipe yanakotoka matokeo na kutazama. Pembeni ya muda, ftrace huweka alama: nyota ikizidi milisekunde 10, @ ikizidi 100, na alama ya dola ikizidi sekunde moja. Kabla ya saa nne zilikuwa nyota tu. Diski yake ni ya sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja kama milisekunde 8, kwa hiyo 20 au 30 ni afya kabisa. Ilipofika saa nne kamili zikaanza @, kisha dola, dola, nyota, dola.

Nikaangalia nani mwingine anaandika kwenye diski ile saa hiyo. Ilikuwa programu ya kunakili akiba ya data. Aliyeiweka alitaka saa nne usiku, akaandika 10, kumbe saa ya seva inahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane na 10 yake ni asubuhi. Nikaandika 22. Mama hakununua seva.

Fundi wa pili alikuwa amepima, simnyimi haki yake. Alipima wastani. Chukua risiti 100: 98 zikatumia milisekunde 20 kila moja, mbili zikatumia sekunde tatu. Wastani ni karibu milisekunde 80, namba nzuri tu ya kuandika kwenye ripoti, na hakuna risiti hata moja iliyotumia milisekunde 80. Dada wa kaunta anatukanwa kwa ajili ya zile mbili. Ndiyo maana nataka kuona kila wito, au angalau mgawanyo wake, kama histogramu ya bpftrace, chombo kingine cha kupimia Linux, inavyoonyesha.

Kupima nako kuna gharama. Ukifuatilia funksheni zote kwa pamoja, mashine yenyewe inalemewa na unachopima ni uzito wako mwenyewe, chagua chache. Na muda mrefu hauna maana kwamba funksheni ina hatia. Kwa kawaida muda huo unahesabu pia usingizi, yaani kungoja diski au kungoja kitu kilichofungwa na programu nyingine. Ukizima chaguo la sleep-time unabaki na muda wa kufanya kazi peke yake, na ukiziweka namba hizo mbili pamoja unajua kama ni uvivu au ni foleni. Kariakoo ilikuwa foleni.

Mimi nilisoma mifumo endeshi muhula mzima, nikachora visanduku vya kerneli ubaoni, na sikufungua folda ya /sys/kernel/tracing, makazi ya ftrace, hata siku moja. Nimeijua kazini, kwa kuhangaika, na naona si haki kijana mwingine apite njia hiyohiyo. Jumamosi hii nakaa na vijana watatu Sinza, kila mmoja na kompyuta yake. Watapima ext4_sync_file mashine ikiwa imetulia, kisha wataanza kunakili mafaili makubwa kwenye diski hiyohiyo, watazame alama zikibadilika.