MDMA, Kiwewe cha Vita na Ridhaa ya Mkimbizi

Tangu tarehe 1 Julai 2023, Australia imewaruhusu madaktari wa akili wenye kibali maalumu kutibu kiwewe kwa MDMA, dawa ile ile inayouzwa kwa siri mitaani kwa jina la ekstasi. Nchi hiyo imepokea wakimbizi wengi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili, hivyo swali la iwapo tiba hii inawafaa linatuhusu.

Watetezi wake wana hoja nzito. Katika utafiti wa watu 104 uliochapishwa mwaka 2023, asilimia 71 ya waliopewa MDMA pamoja na ushauri wa kisaikolojia hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa, ilhali kwa waliopewa ushauri na kidonge kisicho na dawa ilikuwa asilimia 48. Hata hivyo, Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha, baada ya washauri wake kutilia shaka matokeo kwa kuwa washiriki wengi waling'amua walichomeza.

Kwangu mimi, uzito wa jambo uko kwenye ridhaa. Aliyeishi katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Tanzania, au Kakuma, Kenya, ametia sahihi karatasi nyingi ili apate chakula, kadi na safari, kwa hiyo daktari akimletea fomu nyingine, si rahisi aamini kwamba kukataa hakutamponza. Kikao cha dawa huchukua takribani saa nane, mgonjwa akiwa hana tena tahadhari zake za kawaida, na anayeyasikia yote ni pamoja na mkalimani, ambaye huenda ni muumini mwenzake kanisani au ni wa jamii iliyomfukuza kijijini. Kiswahili chenyewe huiita dawa ya kulevya, na kwa Mwislamu au mlokole neno hilo ni zito kabla hata kidonge hakijamezwa.

Lakini kumfungia mkimbizi mlango eti kwa kumlinda nako ni kumwamulia. Washiriki wa majaribio hayo walikuwa Wazungu kwa sehemu kubwa, na dhuluma hiyo haiponi kwa kuwatenga wengine zaidi.

Ndiyo maana naona kipaumbele kiwe kwingine. Huko Nakivale, Uganda, utafiti wa mwaka 2008 uliwahusisha wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Kati ya waliosimulia maisha yao hatua kwa hatua kwa vikao sita, bila dawa yoyote, takribani asilimia 70 hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa. Tafiti hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja, lakini washauri wa Nakivale walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofunzwa kazi hiyo papo hapo kambini.